Dakika za Kusimama

Oud Metha
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwa Alfred,

“Mwalimu, mpira wa Kimarekani unasisimua kuliko soka, ila wewe hujui kuutazama.” Hayo ni maneno yako, uliyoyaandika nyuma ya karatasi ya zamu na kumpa Yowasi, dereva wa basi letu, aniletee. Sasa keti ujibiwe.

Mimi sibishi bila ushahidi. Hapa mapokezi ya jengo ninalolinda pana televisheni ambayo kila Jumatatu asubuhi hurudia mechi za Marekani, kuwafurahisha wageni wa ghorofa ya saba. Leo nimeitazama moja nikiwa na saa mkononi. Mpira ukirushwa, naanza kuhesabu. Kipenga kikilia, naacha. Mechi imechukua saa tatu na dakika saba. Mpira umechezwa dakika kumi na tatu. Muda uliobaki, Alfred, wanaume wazima walikuwa wamesimama. Walisimama kwenye duara wakinong’onezana. Walisimama mikono kiunoni. Walisimama wakimngoja refa apime kwa mnyororo kama fundi wa seng’enge. Nikitaka kumwona mtu aliyesimama, nyumbani nina kioo. Kampuni inanisimamisha hapa saa nane kwa siku, nawe unataka nikapumzike kwa kuwatazama wengine wakisimama!

Kusimama si tukio. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na kulinda mageti miaka tisa, na hilo nalijua kuliko jina langu. Mlinzi akisimama lindoni tangu asubuhi hadi zamu iishe, anaandika nini katika kitabu cha matukio? “Hakuna tukio.” Basi hao Wamarekani wamechukua “hakuna tukio” wakaivalisha helmeti.

Usiniambie nikupigie simu. Simu wanatunyang’anya tukiingia zamu, na sauti ya simu kesho unaikana. Karatasi haikanwi. Yowasi analalamika kwa Kiganda chake cha kuniita bibi, eti, “Nyabo, barua zenu zinakula dizeli ya kampuni,” lakini anazibeba.

Naona wamekupa lindo langu la zamani, uwanja wa michezo wa Al Qusais. Geti la nyuma hukwama; liinue kidogo ndipo ulisukume. Makontena ni mawili. La buluu ndilo la vifaa vya timu. La kahawia usihangaike nalo, halina kitu.

Mimi ninayekushinda,
Jecinta Ndunge


Al Qusais
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Mwalimu Jecinta,

Salamu kwanza, vita baadaye. Geti nimeliinua, likakubali.

Wacha nikuambie kwa nini umekosea. Umeshika saa ukapima kukimbia, lakini mchezo uko kwenye kusimama. Hapa kila Jumamosi asubuhi kuna timu mbili: mainjinia, walimu, Mlebanoni mmoja muuza magari, Wafilipino wawili wenye mbio za ajabu. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne kusonga yadi kumi. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo kabla ya kila jaribio wanajipanga, wananyamaza, na kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake wa mbele hajui. Huyu ataenda kushoto. Yule anajifanya amechoka. Hakuna anayepumua. Mwalimu, ule ukimya unanisimamisha nywele. Kwenye soka mpira unazunguka mpaka unasahau kuogopa. Hapa wanakupa muda wa kuogopa.

Ila leo kumetokea kitu, na nakuandikia wewe kwa sababu utanicheka, na nataka kuchekwa.

Unajua sisi walinzi, macho yetu yanahesabu hata kanisani. Kila upande ni watu kumi na mmoja. Timu nyeupe ilipokusanyika kwenye duara kupanga mbinu, nikahesabu kumi na wawili. Nikarudia. Kumi na wawili. Wote wameinama, vichwa vimekutana katikati, isipokuwa mmoja. Huyo amesimama wima nje kidogo ya duara, kawapa wenzake mgongo. Duara likavunjika, wakajipanga, nikahesabu tena: kumi na mmoja.

Ilitokea hivyo mara tano. Wakisimama yupo, wakicheza hayupo.

Nicheke haraka.

Alfred Shikanda


Oud Metha
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Alfred,

Nimekucheka hadi madam wa mapokezi akauliza kama naumwa.

Nianze na hoja yako, kwa kuwa hoja inastahili heshima kuliko mzuka. Unasema ukimya unatisha, kwa hiyo unasisimua. Mtu anayengoja kung’olewa jino naye ana ukimya unaotisha. Umewahi kuona watu wakipanga foleni kumtazama? Wasiwasi wa kitu kinachokuja si kitu. Ni madoido ya mchezo usio na mguu wa kusimamia. Soka linakupa jambo na kukuachia maana yake. Huu unakupa maana kabla ya jambo, kisha jambo lenyewe ni wanene wawili kugongana.

Sasa huyo wako wa kumi na mbili. Ulihesabu mtu wa maji, au mchezaji wa akiba aliyesogea karibu asikie. Jua la Al Qusais saa nne asubuhi linaweza kukuonyesha ngamia kwenye paa la msikiti. Kunywa maji, vaa kofia, hesabu vizuri.

Na kwa nini umeniambia kwamba aliwapa mgongo? Alikuwa anatazama wapi?

Jecinta Ndunge


Al Qusais
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Mwalimu,

Wa maji ni Shakira, mke wa yule Mlebanoni, na leo nilimwomba aketi karibu nami wakati wote. Wachezaji wa akiba nao nimewahesabu kando: watatu kila upande, wamekaa kwenye benchi. Kwenye rejista ya geti waliingia thelathini na wanne pamoja na marefa, wakatoka thelathini na wanne. Kati ya kuingia na kutoka walikuwa thelathini na watano.

Leo nimemwona vizuri zaidi. Havai helmeti. Ana kofia kama yetu, ile ya buluu ya kampuni. Mikono ameifunga nyuma, kifua mbele, miguu imeachana kiasi cha upana wa mabega, kama tulivyofundishwa siku ya kwanza. Mwalimu, yule hachezi. Yule yuko lindoni.

Umeniuliza anatazama wapi. Anatazama kontena la kahawia.

Kuna jambo jingine. Wiki iliyopita alikuwa mbali nalo. Baada ya watu kuondoka nilichukua mnyororo wao wa kupimia, nikapima kutoka alipokuwa Jumamosi ile hadi alipokuwa leo. Yadi kumi kamili. Toka aliposimama leo hadi mlango wa kontena ni yadi ishirini.

Kwa nini hukusema lolote kuhusu kontena hilo zaidi ya kwamba halina kitu? Wewe ambaye una maoni hata kuhusu rangi ya mabasi?

Alfred


Mbale, Vihiga
19 Oktoba 2025

Dada Jecinta,

Bwana asifiwe. Mimi ni Everlyn, mke wa Gibson Amugune, mliyekuwa naye Al Qusais na wewe ukiwa kiongozi wa zamu yake. Barua hii inaletwa na shemeji ya Harrison, mlinzi mwenzenu, anayerudi huko Uarabuni kesho. Harrison amemwambia utaipata.

Mwezi wa Juni watu wa kampuni walinipigia wakasema Gibson ametoroka kazini. Walisema alisaini kutoka saa nane mchana, hakurudi chumbani, na jina lake limeingizwa kwenye orodha ya watoro. Nilikungoja wewe uniandikie, kwa sababu yeye alikuwa akisema, “Mwalimu ni mkali lakini hadanganyi.”

Hapa watu wameshaamua. Mama yake ameitoa picha ukutani. Kanisani hawamwombei tena kama mgonjwa au msafiri, wanamwombea kama mwenye dhambi. Binti yetu aliambiwa shuleni kwamba baba yake ana nyumba nyingine Uarabuni, naye akaniuliza huyo mama mwingine anapika nini.

Nina swali moja tu. Wewe ulimwona Gibson kwa macho yako akitoka kwenye geti? Usiniambie kitabu kinasema nini. Ya kitabu nimeshaambiwa.

Mimi dada yako,
Everlyn


Oud Metha
Alhamisi, 23 Oktoba 2025

Alfred,

Sina nafasi ya kubishana wiki hii.

Usimwambie supavaiza habari za kuhesabu. Atakuandika kuwa ulisinzia lindoni, na utarudishwa nyumbani kwa ndege ya kesho yake. Ukitaka kuniandikia, niandikie kuhusu mpira, nikushinde.

Ile kofia. Imekaa sawa kichwani, au imelalia upande mmoja?

J.N.


Al Qusais
Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Mwalimu,

Imelalia kushoto. Imezidi hadi inakaribia kufunika sikio.

Uliniambia niandike kuhusu mpira, basi pokea. Leo refa Hashir, yule Mhindi mpole wa Oud Metha mwenye duka la miwani, alirusha kitambaa cha njano katikati ya mchezo. Kitambaa hicho ni ishara ya kosa. Akatangaza: timu nyeupe wamezidi, watu kumi na wawili uwanjani. Nahodha akaja juu: “Hashir, yalla, haya, hesabu!” Akawahesabu kwa kidole mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Akahesabu tena. Kisha akaokota kitambaa chake, akakikunja polepole, akasema, “Khalas, basi, ni macho yangu.” Muuza miwani, Mwalimu! Wakati wa mapumziko alikuja getini kwangu akaomba maji. Akaniuliza, “Yule mlinzi mwenzako anafanya nini ndani ya mistari?” Nikamwambia leo niko peke yangu. Maji hakuyamaliza.

Kwa hiyo sasa tuko wawili. Utasema naye alipigwa na jua?

Leo alikuwa yadi kumi kutoka mlangoni. Nimepima.

Nimeuliza habari za kontena. Meneja wa uwanja anasema ufunguo ulipotea tangu msimu uliopita, na vya ndani ni magodoro mabovu ya mazoezi, kwa hiyo limeuzwa kama chuma chakavu. Lori linakuja kulibeba tarehe 8 Novemba, Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Mwalimu, kitabu cha matukio cha mwaka huu kiko hapa mezani kwangu. Nimesoma ukurasa wa 14 Juni, siku ya mwisho ya msimu huo ufunguo ulipopotea. Mwandiko wa mtu aliyefundisha darasa la tatu haujifichi. Sahihi ya kutoka ya Gibson Amugune, yule mlinzi wanayesema alitoroka, ina “G” ile ile unayoiandika kwenye “Gari la kampuni limefika.” Sikuhukumu. Hata mimi nimewasainia wenzangu. Nakuuliza tu.

Alfred


Al Qusais
Jumamosi, 1 Novemba 2025

Mwalimu,

Hukujibu. Yowasi anasema ulichukua barua, ukaisoma umesimama pale pale kwenye ngazi ya basi, ukashuka bila kumuaga. Anasema, “Nyabo leo hakunitukana hata kidogo, mimi nimeogopa.”

Nitakuandikia ya leo, kisha sitakusumbua tena.

Saa nne na robo timu nyeupe walikuwa kwenye jaribio la nne, zimebaki yadi mbili. Wakajipanga. Unaukumbuka ule ukimya niliokueleza. Nahodha alipaswa kuita mpira, hakuita. Sekunde zikapita. Nikaona helmeti moja ikigeuka kuelekea kontena, halafu nyingine, halafu zote ishirini na mbili, pande zote mbili, kama watu walioitwa jina moja. Shakira aliweka ndoo chini. Muda wao wa kuanza jaribio ukaisha, Hashir akapuliza kipenga, na kipenga chenyewe kilitoka kama pumzi ya mgonjwa. Walibeba vitu vyao wakaondoka kabla ya kipindi cha pili. Nahodha aliponipita alisema joto limezidi. Joto! Mwezi wa kumi na moja!

Wao hawakuona kitu, walisikia tu vibaya mwilini. Mimi nilimwona. Alikuwa mlangoni, uso umekaribia chuma kabisa, mikono bado iko nyuma.

Walipoondoka nilikwenda. Bati lilikuwa la moto, huwezi kuweka kiganja. Ila palipokuwa na kifua chake, pana duara dogo la ubaridi. Niliweka mkono pale. Nikautoa haraka, kwa sababu nilihisi ninamgusa mtu begani.

Nilidai kwamba mchezo huu una msisimko. Leo naomba uniambie unachosha, na nitakubali.

Alfred


Oud Metha
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Kwa Yowasi dereva, na walinzi wenzangu Harrison na Carolyne. Nakala kwa Alfred Shikanda, na kwa Everlyn wa Gibson, Mbale

Mwezi uliopita niliandika kwamba kusimama si tukio. Nilitoa dakika, nilitoa mifano, nilitoa kejeli, na hoja yangu ilikuwa safi kama sahani isiyoliwa. Alfred ameshinda. Nitaeleza alivyoshinda, nanyi mtasoma hadi mwisho, kwa sababu kila mmoja wenu yumo.

Tarehe 14 Juni, siku ya mwisho kabla ya uwanja kufungwa kwa sababu ya joto, nilikuwa kiongozi wa zamu Al Qusais. Saa sita Gibson aliniambia, “Mwalimu, kichwa kinazunguka.” Nikamjibu, “Simama wima, zimebaki saa mbili, hakuna kinachotokea hapa.” Akasimama. Saa nane kasorobo nilimtuma akarudishe magodoro ndani ya kontena la kahawia. Basi likapiga honi. Mnajua honi ya Yowasi na mnajua basi halingoji, ndiyo maana kila siku aliye karibu na meza huwasainia walio mbali. Nilikuwa karibu na meza. Nikamsainia Gibson kutoka saa nane kamili, na hapo alikuwa bado hajatoka.

Kisha nikazunguka kufunga. Mlango wa kontena la kahawia ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Sikuchungulia. Kwa nini nichungulie? Kitabu kilisema hakuna mtu ndani. Niliamini kitabu nilichokiandika mwenyewe dakika nne kabla. Nikabana mlango, nikatia kufuli.

Kama alikuwa amezimia sijui. Kama aliita sikusikia, kwa kuwa injini ilikuwa inanguruma. Nimejaribu kwa miezi mitano kukumbuka kwamba sikusikia.

Mkumbuke nanyi. Harrison, wewe uliuliza kwenye basi, “Gibson yuko wapi?” nami nikakujibu, “Ameshasaini, twende.” Carolyne, wewe ulitania kutoka kiti cha nyuma, “Huyo leo ametoroka!” Tukacheka. Hata mimi nilicheka. Jumatatu supavaiza alipouliza, tukampa utani ule kama taarifa, naye akauandika, na ukasafiri hadi Vihiga ukaitoa picha ya mtu ukutani. Yowasi, wewe kila siku unahesabu vichwa kwenye kioo kabla ya kuondoa gari. Siku ile ulihesabu watatu, ukaangalia karatasi yenye wanne, ukaamini karatasi. Tulikuwa watu wanne wenye macho, na karatasi moja ikatushinda.

Julai nilihamishiwa hapa. Ufunguo wa lile kufuli ulibaki kwenye kishada changu cha funguo, nami nikajiambia ni kusahau. Nilikuwa na njia nyingi za kujua na nikachagua kubishana kuhusu mpira.

Everlyn, hili ndilo jibu lako, na samahani limechelewa hivi: hapana. Sikumwona akitoka. Hakuna aliyemwona akitoka. Mumeo hakutoroka. Rudisheni picha.

Alfred, uliniambia mchezo uko katika kusimama, katika muda ambao kila mmoja anajua jambo asilolisema. Niliyaita hayo madoido. Sasa ninaelewa kwa nini nilitaka sana uwe mchezo wa kuchosha. Gibson amesimama Jumamosi nne mbele ya macho yako, kwa utaratibu aliofundishwa, kofia imelalia kushoto kama alivyoivaa siku zote, bila kuegemea, bila kulalamika. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne. Yake yamekwisha, na sasa mpira uko kwetu.

Najua mtakaloniambia. Harrison utasema mkataba wako unaisha Januari, tungoje. Carolyne utasema, “Mwalimu, ulisaini wewe, sisi tunahusikaje?” Mnahusika kwa sababu kitabu kinasema alitoka, na mimi peke yangu dhidi ya kitabu ni mwanamke mmoja aliyechanganyikiwa, anayesimulia habari za mtu mwenye kofia. Polisi wakisikia wanne, watafungua. Kesho saa tatu lori linabeba chuma chakavu, na baada ya hapo hakutakuwa na mlango wa kufungua. Kazi nitaipoteza, huenda na zaidi ya kazi. Hilo ni langu, siwaombi mlibebe.

Ninachodai ni kimoja. Leo saa nane mchana nitapanda basi kama kawaida, ufunguo mfukoni. Yowasi, ukifika mbele ya kituo cha polisi, simamisha gari, na safari hii usipige honi. Harrison, Carolyne, msibaki vitini mkitazama dirishani. Shukeni, mwingie nami, mseme kwa vinywa vyenu ni watu wangapi mliowaona ndani ya basi tarehe 14 Juni.

Jecinta Ndunge